Mchango wa Mazungumzo ya Barazani katika Utamaduni Wetu

Utangulizi

Neno baraza katika lugha yetu lina maana mbili. Maana moja ni kile kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichojengwa mbele ya nyumba za mwambao, ambapo watu huketi baada ya alasiri wakazungumza na kunywa kahawa. Maana nyingine ni mkutano wa watu waliokabidhiwa madaraka ya kutoa uamuzi. Maana hii ya pili ndiyo iliyopata heshima ya kuandikwa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Baraza la Sanaa la Taifa kwa sheria ya mwaka 1984. Yote mawili yana majalada, mihtasari na mihuri. Baraza la mawe halina muhtasari wala muhuri, na wanaoketi hapo hawaandiki waliyoyasema.

Hata hivyo, mtu akiichunguza kwa makini historia ya utamaduni wetu ataona kwamba mengi tunayojivunia leo, yaani nyimbo, mashairi, elimu ya bahari na elimu ya nyota, yalipikwa kwenye baraza la mawe kabla hayajafika kwenye baraza la muhuri. Yalipikwa na watu ambao hawakulipwa kwa kazi hiyo. Katika makala hii tutawaita wapenzi, kwa maana ile ile tunayokusudia tunaposema wapenzi wa muziki au wapenzi wa mpira: watu wenye kazi nyingine ya kuwalisha, lakini ambao saa zao za mapumziko huzitumia kuzungumzia jambo moja wasilolichoka.

Nia yetu ni kueleza kwa ufupi historia ya mazungumzo ya wapenzi hao katika muziki na katika elimu ya maumbile, kuonyesha jinsi yalivyohama kutoka barazani hadi gazetini, redioni na katika simu, na kukiri jinsi sisi tuliopewa kazi ya kutunza utamaduni tulivyoshindwa kuyatunza.

Shule isiyo na daftari la mahudhurio

Baraza lina utaratibu wake, ingawa haukuandikwa popote. Apitaye huamkia, nao walioketi huitikia. Mdogo humpisha mkubwa. Muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe vyake, na bao huchezwa pembeni. Mazungumzo huanza kwa habari za afya na bei ya samaki, kisha yakasogea polepole hadi kwenye lile linalopendwa. Atakayesema jambo geni huulizwa: umeliona, au umeambiwa? Akisema ameambiwa, huulizwa tena: na nani? Hapo ndipo kijana alipojifunza kupima neno kabla ya kulitoa kinywani.

Elimu iliyopitia njia hiyo haikuwa ndogo. Katika miji na vijiji vya pwani, mtoto alijua tangu utotoni kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba katikati ya nyakati hizo maji huwa mafu. Alijua majira ya Kaskazi na ya Kusi. Alijua kuwa mwaka wa mabaharia huanza siku ya Nairuzi, na kwamba siku zake huhesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Mambo haya hayakufundishwa na mwalimu wa mshahara. Yalisemwa na wavuvi na manahodha waliokuwa wakibishana kuhusu safari zao, na mtoto aliyekaa miguuni pao akayaokota.

Tuchukue mfano wa Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo jina lake linatukumbusha kulima. Wahenga walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Msemo huu ni methali, lakini ni taarifa ya uchunguzi vilevile. Kila mwaka nyota hizo hupotea katika mwanga wa jua mnamo mwezi Mei, na huonekana tena alfajiri, kabla jua halijachomoza, katika mwezi Juni. Mtu wa kwanza aliyelitambua jambo hilo hakuweza kulithibitisha peke yake katika mwaka mmoja. Ilihitajika miaka mingi na macho mengi. Ilihitajika wazee waseme, "Mwaka ule ilikuwa hivi," na wengine wawajibu, "Hapana, ilikuwa vile," hadi maneno yakakaa katika umbo la methali asilolisahau mtu. Methali ni muhtasari wa kikao kirefu ambacho hakikuwa na katibu.

Ushairi nao ulikuwa hivyo hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi karibu mwaka 1840, alitunga kwa kujibizana. Beti zake zilirushwa kwa wapinzani wa Lamu katika siku za uhasama wa miji ile, na zilirushwa pia kwa marafiki kwa mzaha, kwa mafumbo na kwa mapenzi. Alipofariki hakuacha kitabu kilichochapishwa. Beti zake ziliendelea kukaa katika vinywa vya watu wa Mombasa, hadi Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, alipozikusanya akishirikiana na W. E. Taylor, na hatimaye zikatolewa kitabuni na William Hichens mwaka 1940. Takriban miaka mia moja ilikuwa imepita. Kwa miaka mingi ya muda huo hazina hiyo ilitunzwa na wapenzi, kwa kuambiana tu.

Ndugu wa Basra na ndugu wa Unguja

Yafaa sasa tugeukie muziki. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni, ili amburudishe katika jumba lake. Muziki huo ulikuwa wa jumba la mfalme. Lakini mwaka 1905 vijana wa mjini waliupenda muziki huo, wakaunda klabu yao wenyewe, wakaiita Ikhwani Safaa. Waliagiza ala kutoka Misri, wakafundishana. Hawakuwa wapigaji wa kuajiriwa. Walikuwa wapenzi waliokutana baada ya kazi. Klabu hiyo ilitimiza miaka mia moja mwaka 2005.

Jina walilolichagua lina historia ndefu kuliko muziki wenyewe. Katika karne ya 10, katika mji wa Basra nchini Iraki, palikuwa na kundi la watu waliojiita Ikhwan al-Safa, yaani ndugu wa usafi wa moyo. Walificha majina yao. Walihimizana kukutana kwa nyakati maalumu wazungumze kuhusu elimu, na matunda ya mazungumzo hayo ni risala 52 zinazohusu hesabu, nyota, madini, mimea, wanyama, nafsi na dini. Risala ya tano inahusu muziki. Humo wameeleza jinsi sauti inavyopita hewani, na jinsi nyuzi nne za udi zinavyopasa kutengenezwa: uzi mnene kabisa uwe wa hariri 64 zilizosokotwa pamoja, wa pili 48, wa tatu 36, na wa nne 27. Msomaji akihesabu ataona kwamba kila uzi ni robo tatu ya ule uliotangulia. Kwa ndugu wale wa Basra, mwenye kupenda muziki na mwenye kupenda hesabu walikuwa mtu mmoja.

Hatudai kwamba vijana wa Unguja walizisoma risala hizo. Tunachosema ni kwamba walilichukua jina la watu waliofanya kitendo kile kile: kuketi pamoja, bila ya mshahara na bila ya cheo, wakalichambua jambo walipendalo. Na aliyewahi kumwona mpiga udi akikaza nyuzi zake, huku wenzake wakimwambia "panda kidogo" au "teremka", atakubali kwamba ile hesabu ya Basra haijaondoka. Imehamia masikioni.

Nyumba ya Siti na santuri za mitaani

Kama klabu ya mwaka 1905 ilikuwa ya waungwana wa mjini, kulikuwa na baraza jingine lililoanzia chini kabisa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, na ujanani mwake aliuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911. Baadaye akawa na kundi lake la wapigaji, miongoni mwao Subeti bin Ambari, Budda bin Mwendo, Mbaruku na Maalim Shaaban. Usiku walikutana nyumbani kwake Ng'ambo, na majirani wakaja kusikiliza. Watu walileta habari za mchana: kesi iliyoamuliwa kwa upendeleo, mnyonge aliyedhulumiwa, mapenzi yaliyovunjika. Habari hizo zikageuka nyimbo. Ndiyo kusema kwamba mtungaji wa nyimbo zile alikuwa Siti, naye alikuwa mtaa mzima vilevile.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri. Sahani hizo zilirudi zikatawanyika katika mwambao wote, na gramafoni ikawa na kiti chake barazani. Mtu mmoja mwenye gramafoni alitosha kwa mtaa. Santuri moja ilipigwa, ikageuzwa, ikapigwa tena, na kila mara palizuka hoja: ni nani aliyeitikia hapa? Neno hili ni la wapi? Tuni hii si ile ya Wamisri?

Miaka michache baadaye, kuanzia mwaka 1933, zikaja santuri za Kuba zilizotolewa na kampuni ya HMV katika mfululizo uliojulikana kwa herufi GV. Wapenzi wa bara na pwani hawakujua Kihispania, lakini waliyashika mapigo, wakayajadili, wakayaiga, kisha wakayageuza kuwa yao. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1932, na bendi nyingine zikafuata. Pale Morogoro, bendi ya Salum Abdallah iliitwa Cuban Marimba, na aliiongoza hadi alipofariki mwaka 1965. Jina hilo pekee latosha kuonyesha umbali ambao santuri moja yaweza kumpeleka mtu aliyekaa chini ya mwembe.

Sinema nayo ilileta mambo kama hayo. Katika miaka ya 1950, filamu za Kihindi kama Awaara ya mwaka 1951 ziliwavuta watazamaji wengi katika miji yetu. Wengi wao hawakujua Kihindi. Filamu ilipokwisha, kazi ndiyo kwanza ilianza: aliyeelewa kidogo alimweleza asiyeelewa, aliyeingia alimsimulia aliyekosa nauli ya kiingilio, na wenye masikio mepesi walirudi nyumbani na tuni kamili kichwani, wakaitilia maneno ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alipata sifa kubwa kwa taarabu iliyofuata tuni za filamu hizo. Wanaoibeza sanaa hiyo kwa kuiita ya kuazima hawajatazama jinsi ilivyopita katika vinywa vya watu wengi kabla ya kumfikia mwimbaji.

Gazeti na redio kama mabaraza

Baraza la mawe lina upungufu mmoja: sauti yake haivuki mtaa. Gazeti liliondoa upungufu huo. Kiongozi, gazeti lililotolewa Tanga tangu mwaka 1904 hadi 1916, lilikuwa miongoni mwa yale yaliyowapa wasomi wa mwanzo nafasi ya kuandikiana kwa Kiswahili. Kisha Januari mwaka 1923 likaanzishwa Mambo Leo mjini Dar es Salaam chini ya idara ya elimu. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, nalo lilitumikia makusudi ya waliolianzisha. Lakini wasomaji waliukamata ukurasa wa mashairi, wakaufanya baraza lao. Mtu wa Tanga alitoa fumbo. Mtu wa Tabora akalifumbua. Wa tatu, asiyewahi kuwaona wote wawili, akawakosoa vina. Walikuwa makarani, walimu, matarishi na wakulima.

Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mmoja wa watu wa aina hiyo. Aliajiriwa katika idara ya forodha mwaka 1926, na kwa miaka mingi mkate wake ulitokana na ukarani. Fasihi aliyotuachia aliiandika katika saa alizobakiwa nazo. Mathias Mnyampala wa Ugogoni, aliyefariki mwaka 1969, alikuwa mtumishi wa serikali, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo. Lakini kwa kujibizana na wenzake alikuja kuwa miongoni mwa mafundi wa ushairi wa Kiswahili. Kaluta Amri Abedi alipotoa mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, alikusanya kanuni ambazo watunzi walikuwa wamezibishania kwa muda mrefu. Sheria ile ilitoka katika mabishano.

Redio iliendeleza kazi hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na baada ya uhuru ikaja Radio Tanzania. Vipindi vya salamu viliwafanya watu wasiofahamiana kuwa marafiki. Msikilizaji alijaza kadi, akataja wimbo na majina ya wale anaowasalimu, kisha akasubiri siku nyingi kusikia jina lake. Wasomi fulani waliviona vipindi hivyo kuwa upuuzi. Sisi hatukubaliani nao. Mtu anayetumia fedha yake ya stempu kumchagulia rafiki wimbo anatoa hukumu ya sanaa, na hukumu elfu za namna hiyo ndizo zinazoamua wimbo upi utabaki na upi utasahauliwa.

Swali la mwanafunzi wa Magamba

Tumesema habari za muziki kwa kirefu. Lakini baraza halikukoma kuwa shule ya maumbile. Mfano bora tulionao ni wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa na mchezo wa kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa ikigombewa. Mpemba aliogopa kuikosa, akayaweka maziwa yake yangali ya moto. Alipokuja kutazama, ya kwake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeweka ya baridi yalikuwa bado uji.

Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Akanyamaza. Wakati wa likizo alikutana mjini Tanga na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, na katika mazungumzo yao rafiki huyo akamweleza kwamba yeye huweka maziwa ya moto makusudi, kwa sababu huganda upesi. Tuitazame vizuri hali hii. Jambo ambalo darasani liliitwa kuchanganyikiwa, mtaani lilikuwa ujuzi wa kazi, na mtu alimpa mwenzake bila ya ada.

Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na safari hii alichekwa: wenzake walifanya jina lake kuwa jina la kila kosa la hesabu. Ndipo akaja mgeni, Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka akauliza lile lile: kwa nini maji ya nyuzi joto 100 huganda kabla ya yale ya 35 yakiwekwa pamoja? Osborne hakujua jibu, akaahidi kujaribu. Jaribio lilipofanywa Dar es Salaam, maji ya moto yaliganda kwanza. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na jina la Mpemba likaingia katika vitabu vya fizikia duniani. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu sababu, na wapo waliojaribu wasilione jambo hilo kabisa. Ubishi huo haumpunguzii heshima, maana swali linalowafanya watu wapime kwa zaidi ya miaka hamsini ni swali zuri.

Funzo lake kwetu ni hili. Baraza likiwa na adabu humwuliza mtu, umeliona au umeambiwa? Likikosa adabu humcheka. Mpemba alikuwa ameliona. Ni wangapi walioona mambo, wakachekwa mara moja tu, wakanyamaza moja kwa moja? Na hapa tuseme ukweli kuhusu baraza letu la mawe: kwa muda mrefu wanawake hawakuketi pale. Walikuwa na vikao vyao vya uani, vyama vyao vya lelemama na maneno ya kanga zao, na elimu ya huko iliwafikia wanaume kwa nadra. Siti alipovuka mpaka huo alitukanwa kabla ya kusifiwa. Kila baraza lina mlango wake, na kila mlango una waliofungiwa nje.

Sanduku la mzee

Tumefika mahali ambapo inatupasa kueleza jambo linalotuhusu wenyewe. Katika miaka ya 1990 tulikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, katika mji wa pwani ambao hatutautaja. Siku moja alikuja mzee mmoja, akifuatana na mjukuu wake aliyebeba sanduku la mabati. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee wetu." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akakaa, akaeleza shida yake. Kwa miaka mingi alikuwa katibu wa kikundi cha wapenzi wa taarabu waliokutana barazani kwake. Kinyume cha desturi, yeye aliandika. Sandukuni mlikuwa na madaftari ya shule yapatayo thelathini: santuri ipi ilipigwa usiku gani, nani alisema nini juu yake, tuni ipi ilidaiwa kutoka Misri na ipi India, nani alishinda hoja. Kurasa nyingine zilikuwa na habari za bamvua kubwa, za mwezi kupatwa, za redio mpya iliyofunguliwa na kufungwa tena ili waone ndani yake. Wenzake karibu wote walikuwa wamekufa, na nyumba ilikuwa inauzwa. Aliomba serikali imtunzie.

Tulipeleka ombi lake kwa mkubwa wetu. Jibu lilikuwa kwamba karatasi zisizo na nambari ya jalada hazina mahali katika masjala. Tukaliweka sanduku katika ghala la nyuma. Masika ya mwaka ule paa la ghala lilivuja. Ulipofika wakati wa kuteketeza fomu zilizokwisha muda, sanduku liliorodheshwa pamoja nazo kama "karatasi chakavu". Orodha ile tuliiandika sisi, kwa mkono wetu, na tukatia sahihi.

Mzee alirudi siku ya Jumatatu kuuliza kama sanduku limepata mahali. Tulimwambia linashughulikiwa. "Basi nitakuja tena Jumatatu, mwanangu," alisema. Alikuja Jumatatu tatu, na mara zote tulimpa jibu lile lile. Ya nne hakuja, nasi hatukwenda kumtafuta. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuanza kutunga mashairi, na tulijihesabu kuwa mtu wa utamaduni.

Beti za Muyaka ziliishi karibu miaka mia moja bila ya karatasi, kwa kuwa walikuwapo watu wa kuambiana. Madaftari ya mzee yalikuwa na karatasi, na hayakuishi mwaka mmoja mikononi mwa ofisi. Tumelitafakari jambo hilo mara nyingi. Kutunza utamaduni kunahitaji ghala lisilovuja, na zaidi ya ghala kunahitaji mtu anayejua thamani ya alichopewa.

Hitimisho

Leo baraza limehamia katika simu. Vijana walio mbali na wenzao hutumiana nyimbo na picha za video, wakabishana mpaka usiku wa manane kuhusu bendi ya zamani, kuhusu mashine, kuhusu nyota. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete na watu wakakusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama, picha na maswali vilienea kwa simu siku ile ile hadi kwa watu waliokuwa mbali na mahali hapo. Wazee wengine husikitika kwamba vijana wameacha kuzungumza. Kwa maoni yetu wanazungumza kuliko sisi. Ila baraza lao halina mwenye nyumba, na mara nyingi hapana mkubwa wa kuuliza, umeliona au umeambiwa? Hapana pia wa kumzuia anayemcheka mwulizaji. Na simu ikiharibika, madaftari yao huteketea bila hata ya orodha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, maofisa wa utamaduni katika wilaya zote wapokee kumbukumbu za vikundi vya wapenzi, ziwe na nambari ya jalada au zisiwe nayo, na wazipe nambari wao wenyewe. Pili, walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wa mitaa yao wakaandike walivyozungumza kuhusu ngoma, santuri, bahari na nyota, maana wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Tatu, sote tufundishane adabu ile ya kale ya kumwuliza mtu ameona nini, kabla ya kumwambia amekosea.

Taifa lina mabaraza mengi yenye mihuri, nayo yana kazi yake. Lakini mabaraza hayo hupokea kilichokwisha kupikwa, na jiko liko kwingine. Tukiliacha jiko lizimike, tutabaki na sahani safi zisizo na chakula. Na kama yupo msomaji ambaye babu yake aliacha sanduku la mabati lenye madaftari ya shule, tunamsihi asilipeleke ofisini kabla hajayasoma yote, na kuyanakili kwa mkono wake mwenyewe.